Barua ya wazi kwa wenye mamlaka Kigoma: Waliovujishiwa picha wanakuja kwetu usiku kwa sababu mchana wameaibishwa

KWA: Wenye dhamana ya usalama, ustawi wa jamii, elimu na mawasiliano mkoani Kigoma

KUTOKA: Katibu, kikundi cha wasaidizi wa kujitolea, Kigoma Ujiji

YAH: MAPOKEZI YA MANUSURA WA UKATILI WA KINGONO MTANDAONI

Waheshimiwa,

Shikamooni. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya barua hii tumeandika tatu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe kabla ya Ramadhani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Ya pili tuliambiwa haionekani, tulete nyingine. Ya tatu ilisomwa mbele yangu hadi mstari wa mwisho, kisha aliyeisoma akaikunja na kuniambia, "Mama, haya mambo ya simu hayana mwisho. Waambieni mabinti zenu wajiheshimu." Nikashukuru, nikatoka.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitaji ofisi wala jina la mtu. Kuanikwa mbele za watu ndiyo maradhi tunayoyauguza kila siku, sitaki kuyaambukiza kwa mwingine, hata kwa aliyetukosea. Ila kila anayehusika akisoma atajijua.

Mimi ni fundi cherehani, nashona hapa Mwanga. Kikundi chetu kina wanawake 11: msusi, muuza mawese, mwalimu mstaafu, wakala wa fedha za simu, mama lishe, na wengine. Wanne kati yetu picha zetu zimewahi kuvujishwa, mimi nikiwa mmojawapo. Tulianza pale msusi aliponiletea mteja wake aliyelia hadi akashindwa kusukwa. Alimpitisha mlango wa nyuma wa chumba changu, akamkalisha kwenye marobota ya vitambaa, akaniambia, "Dada, huyu yamempata yale yako." Tangu siku ile mlango wa nyuma haujapumzika. Hatulipwi. Bando tunanunua wenyewe, chai tunachanga.

Watu wanadhani tunatoa ushauri. Sehemu kubwa ya kazi ni kukaa. Anayekuja hatumuulizi kwa nini alipiga picha. Hatuombi kuiona, na hilo ndilo sharti la kwanza: hakuna kati yetu anayetazama picha ya mtu, hata yeye mwenyewe akitaka kutuonyesha. Daftarini anaingia kwa namba, haingii kwa jina. Tunamsaidia kuhifadhi namba iliyotuma, jina la grupu, siku na saa, kiungo kama kipo, na ujumbe wa vitisho kama ulivyo. Akishahifadhi ndipo anablok, maana wengi hufuta kila kitu kwa hofu, kisha wakifika mbele ya sheria hawana cha kuonyesha. Anayedaiwa fedha tunamsihi asitume. Anayelipa leo kesho anadaiwa zaidi. Tumeliona hilo mpaka tumechoka kuliona.

Aliyefikisha miaka 18 tunamwelekeza kwenye StopNCII, huduma iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2021. Simu yake inatengeneza alama ya picha, mfano wa alama ya kidole, na ni alama tu inayotumwa kwa makampuni ya mitandao yaliyojiunga. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yake. Kwa picha za walio chini ya miaka 18 ipo Take It Down ya Marekani, ya mwaka 2023, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Zinasaidia, ila tunawaambia ukweli: picha inayozunguka mkono kwa mkono kwenye magrupu ya WhatsApp alama hiyo haiifikii. Halafu kuna usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza hatumwachi mtu peke yake. Mmoja wetu analala naye, au anabaki naye kwenye simu hadi adhana ya alfajiri. Sitaeleza zaidi kwa nini. Tunaishi kando ya ziwa refu na mnaelewa.

Hayo tunayaweza na tutaendelea nayo. Nawaandikia kwa yale tusiyoyaweza, kwa kuwa sheria imeyaweka mikononi mwenu. Hatuna uwezo wa kumwita mtuhumiwa, wala wa kuiandikia kampuni ya simu, wala wa kumzuia mkuu wa shule. Tukimaliza yetu tunamleta mtu kwenu, na mara nyingi anarudi kwetu akiwa na hali mbaya kuliko alivyokwenda.

Kero zetu ni hizi.

1. Mapokezi.

Nitaeleza la mmoja tu. Amenipa ruhusa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha asijulikane. Ni mchuuzi wa dagaa. Ananunua mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, anaanika, mzigo anausafirisha kwa treni kwa wateja wa Tabora na kwingineko. Wateja hao amewaweka kwenye grupu moja la WhatsApp, na grupu hilo ndilo duka lake. Simu ilipasuka kioo. Akaipeleka kwa fundi akamwachia na namba ya siri, kwa kuwa fundi alisema lazima aijaribu baada ya kubadilisha. Wiki mbili baadaye namba ngeni ikamtumia picha zake mwenyewe, alizompigia mumewe aliye safarini, na maneno: laki tatu, la sivyo wateja wako wataziona. Akatuma laki na nusu. Siku ya tatu ikadaiwa nyingine. Alipokosa, picha ilitua kwenye grupu la dagaa saa mbili asubuhi, chini kidogo ya bei za siku ile alizokuwa ameziandika mwenyewe.

Nilikwenda naye polisi kushtaki. Kaunta ilikuwa na watu, wa pikipiki iliyokamatwa, wa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mhusika wa dawati la jinsia tukaambiwa hayupo. Akaulizwa kwa sauti ya watu wote kusikia, "Picha za namna gani?" Akanyamaza. "Ulijipiga mwenyewe?" Akaitikia kwa kichwa. "Lete simu tuone." Simu ikatoka mkononi mwake ikaenda kwa wa kwanza, akatazama, akampa wa pili, wa pili akamwita wa tatu aliyekuwa chumba cha ndani anakunywa chai. Nilikuwa naihesabu ile mikono. Ilifika minne, na wa nne hakuwa na sare. Mpaka leo sijui alikuwa nani pale. Mchuuzi mwenyewe muda wote alikuwa anatazama vidole vyake. Magamba ya dagaa yalikuwa yamekaukia kwenye kucha, akawa anayabandua moja moja hadi simu iliporudi.

Tulipotoka nje aliniuliza swali moja tu. "Dada, na hawa nao ni wa grupu gani?"

Sikuwa na jibu, na nawaletea nyinyi swali hilo. Nchi hii ina Dawati la Jinsia na Watoto, lililowekwa ili mtu kama yeye asimulie yaliyompata faraghani, kwa mtu aliyefundishwa kusikiliza. Ukatili hauchagui saa za kazi. Picha nyingi zinarushwa usiku na mwisho wa wiki, na hapo ndipo mtu anaangukia kaunta.

2. Simu kuwa kielelezo hadi inazeeka.

Alipewa RB, namba ya taarifa yake polisi, akaambiwa aache simu. Sikatai, ushahidi ni ushahidi. Lakini simu ilikaa miezi mitano. Ndani yake mlikuwa na grupu la wateja, namba zote za mzigo, na laini yenye salio la mtaji. Kila tulipoulizia tuliambiwa mpelelezi yuko safari. Tapeli alimchukulia laki na nusu. Ile miezi mitano ilimchukulia biashara yote. Wapo waliosikia habari hiyo wakaamua kutoshtaki kabisa, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliniambia wazi, "Bora nivumilie, simu ndiyo masomo yangu."

3. "Mtuhumiwa hajulikani."

Jibu hili ndilo linalotukera kuliko yote. Namba iliyodai fedha ndiyo iliyopokea fedha. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tulipanga foleni juani na namba zetu za NIDA, tukaambiwa hiyo ndiyo itakayowabana wahalifu. Leo mama analeta namba, tarehe, saa na ujumbe wa muamala, anaambiwa mtuhumiwa hajulikani.

Najua laini nyingine husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua. Kila mmoja anaweza kupiga *106# akaona zilizosajiliwa kwa jina lake, na wapo wanaokuta zisizo zao. Basi huyo mwenye jina aitwe, aulizwe, na wakala aliyemsajili aulizwe. Upelelezi una pa kuanzia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 pia inawapa uwezo wa kuagiza kumbukumbu za mawasiliano zihifadhiwe zisije zikapotea. Malalamiko yanapolala kwenye faili wiki sita, kinachopotea ni kesi.

4. Hofu ya kugeuziwa kibao.

Kifungu cha 14 cha Sheria hiyo ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, kinakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Picha za watoto zina kifungu chake, cha 13. Kifungu cha 23 kinashughulikia uonevu wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Meno yapo. Lakini kifungu cha 14 hakizungumzii ridhaa ya aliyemo pichani, na hapo ndipo manusura wanapotishiwa. Wawili tuliowaleta waliambiwa, "Hata wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa, fikiria vizuri kabla hujaandika maelezo." Walifikiria, wakaondoka.

Mimi si mwanasheria na siji kuwafundisha sheria. Ninachojua ni kwamba anayeibiwa hatishiwi kesi kwa kuwa na kitu cha kuibwa.

5. Kuyamaliza nyumbani.

Mara ngapi tumeambiwa, "Mkayaongee kifamilia"? Kijana aliyerusha picha analetwa na wazazi wake mbele ya wazee wa mtaa, anaomba radhi, inatajwa fedha, wanaume wanapeana mikono. Binti mwenyewe hakuitwa, yuko ndani. Fedha anapokea baba. Picha iko palepale kwenye simu za watu. Nawaheshimu wazee wetu, migogoro mingi ya Ujiji wameimaliza kwa hekima kuliko mahakama. Hili hawakulijua wakati wa ujana wao, na wenye ofisi mnaojua sheria mkiwarudishia mnawatwika mzigo usio wao.

6. Shule.

Msichana picha yake ikizunguka, anayehamishwa ni yeye. Aliyeirusha anabaki darasani. Mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi shule. Kama aliyejifungua anarudi, huyu anafukuzwa kwa kosa gani?

7. Daftari letu.

Ofisi moja ilitutaka tupeleke orodha ya majina, umri na namba za simu za wote waliopita kwetu, kwa ajili ya taarifa ya robo mwaka. Tulikataa na tutaendelea kukataa. Tunaweza kutoa idadi, umri kwa makundi, na aina ya ukatili. Majina hayatoki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nadhani iko upande wetu, lakini hata isingekuwepo tusingeyatoa. Tangu siku ile tumeitwa wakaidi, na nahisi ukimya juu ya barua zetu umetokana na hilo.

8. Sisi wenyewe.

Niliwaza nisiiandike hii, wenzangu wakasema iandikwe. Mwenzetu aliye wakala wa fedha amepumzika miezi miwili sasa. Alikuwa hapati usingizi. Kila simu yake ikiita usiku anaruka. Mwingine alitumiwa ujumbe kuwa picha yake itatengenezwa kama hataacha "kuingilia mambo ya watu". Msusi wetu mumewe alimwuliza kwa nini anakaa na malaya, na ilibidi mwalimu mstaafu aende kuzungumza naye kwa siku mbili. Anayebeba maumivu ya wengine anahitaji pa kuyatua. Hatuna.

Sasa majibu tutakayopewa nayajua, kwa sababu tumeshayasikia.

Mtasema mabinti wajiheshimu. Waheshimiwa, daftari letu la kwanza limejaa, tuko la pili. Ndani yake kuna mke halali wa mtu. Kuna msichana aliyebandikwa uso wake kwenye mwili wa mwingine kwa programu ya akili mnemba, ambaye hajawahi kujipiga picha ya namna hiyo maishani. Kuna aliyerekodiwa akioga kwenye bafu la uani. Kuna vijana wa bodaboda, ndiyo, wanaume, waliotongozwa na akaunti feki yenye picha ya mrembo, wakawasha kamera, dakika tano baadaye wakaanza kudaiwa. Hao huja wakiwa wameshauza hadi helmeti. Na kuna watoto. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uitwao Disrupting Harm, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walifanyiwa unyonyaji au unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Kwa asilimia hiyo, shule yenye wanafunzi 500 walio mtandaoni ina watoto 20. Vijana wanayaita haya "koneksheni", neno jepesi kama jina la bando. Nyinyi msiyaite hivyo. Yaiteni ukatili.

Mtasema wataalamu wa makosa ya mtandao wako mbali. Sawa. Lakini kumpeleka mtu chumba cha pembeni hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma, wala kuacha kupokezana simu yake. Nusu ya ninayoyaomba ni adabu tu.

Mtasema namba ni za nje. Baadhi ni kweli, zinaanza na +243 au +257, Kongo na Burundi. Sisi tunaishi na wenzetu hao, tunapanda nao boti, tunauziana nao, na mkoa umekaa na wakimbizi miaka mingi. Wizi wa injini za boti ukivuka ziwa mnajua nani wa kumpigia upande wa pili. Hili nalo limevuka ziwa.

Mtasema bajeti hakuna. Nakumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sijui mvuvi, mchuuzi wala mama wa chanja ambaye hakupata habari. Tangazo lilipita mialoni, vikundi vya BMU, vile vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, vikalisambaza, misikiti na makanisa yakalitamka, watu wakanung'unika lakini wakatii. Samaki walipewa miezi mitatu wazaliane. Neno likitoka kwenu linafika hadi kijiji cha mwisho cha pwani ya kusini, kisichofikika ila kwa boti. Tunaomba neno moja la namna hiyo kwa ajili ya watu.

Na mtasema kikundi chetu hakijasajiliwa. Fomu tumejaza, tumerudishwa mara mbili kwa sababu lengo la kikundi "halieleweki". Nadhani sasa limeeleweka.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Anayekuja kushtaki ukatili wa kingono mtandaoni, saa yoyote, asihojiwe kaunta. Apelekwe faragha, aruhusiwe kuingia na mtu mmoja anayemwamini, na achague kuhojiwa na mwanamke au mwanaume.

(b) Picha itazamwe na ofisa mmoja tu, pale upelelezi unapolazimu, na jina lake liandikwe kwenye jalada: nani ameitazama, lini, kwa sababu gani. Anayeitazama nje ya orodha hiyo achukuliwe hatua. Kama mtatimiza ombi moja tu kati ya yote, naomba liwe hili.

(c) Simu inayochukuliwa inakiliwe kinachohitajika na irudishwe kwa mwenyewe ndani ya siku saba, au apewe sababu kwa maandishi.

(d) Namba iliyotishia au kupokea fedha iombewe taarifa kwa kampuni ya simu ndani ya saa 48, na mlalamikaji aambiwe kuwa imefanyika.

(e) Litoke tamko la wazi, lisomwe redioni na mitaani, kwamba mwenye picha iliyovujishwa ni mlalamikaji na hatashtakiwa kwa kujitokeza.

(f) Wakuu wa shule waelekezwe kwa maandishi kuwa mwanafunzi aliyevujishiwa picha haondolewi shule, na walimu wa malezi wajue pa kumpeleka. Namba ya bure ya kumsaidia mtoto, 116, ibandikwe kila shule mahali mtoto anapoweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Mlango wa choo unafaa kuliko ubao wa matangazo.

(g) Ofisa ustawi wa jamii mmoja akae na sisi wasaidizi mara moja kwa mwezi, saa mbili zinatosha, atusikilize na atuambie pale tunapokosea. Na tuwe na njia ya rufaa inayojulikana: sisi tukimwandikia mtu karatasi kwenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, hospitalini, apokewe bila kuanza upya kusimulia langoni.

Fedha hatujaomba. Sisi kwa upande wetu tuko tayari kukaa na maofisa wenu siku nzima na kuwaonyesha hatua kwa hatua namna ya kuhifadhi ushahidi wa simu bila kuitazama picha, na namna ya kumsaidia mtu kutengeneza ile alama ya kuzuia picha isipandishwe tena. Mwalimu wetu mstaafu ameshaandaa karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili cha kawaida. Tutawaletea nakala mnazotaka.

Yule mchuuzi ameanza tena. Ana simu ya kitochi, bei anaziandika kwenye karatasi na kuzisoma kwa mteja mmoja mmoja. Ameniambia atakuja kutoa maelezo upya siku atakayosikia kuna chumba.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likiwa ni kwamba baadhi ya haya hayawezekani, semeni lipi na kwa nini, tutajadiliana. Na kama kuna mmoja wenu anayetaka kuja kuona kazi ilivyo, aje Jumamosi baada ya saa nane mchana. Naomba aje bila sare, na gari la ofisi aliache mbali. Majirani wakiliona mlangoni, yule aliyepangiwa kuja jioni hatakuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wasaidizi 11 wa kujitolea,
Kigoma Ujiji